Gata la Fundi Mitumbwi

Mwanga, Kigoma.

Baba yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya Mama, maana najua yeye ndiye anayekusomea, miwani iko puani, na wewe umefumba macho kana kwamba umelala, lakini neno likirukwa unalidai. Natumaini barua hii inawakuta wazima, migomba imesimama na baridi ya huko milimani haijawabana vifua. Sisi huku hatujambo kabisa. Haruna ni mzima, watoto ni wazima na utundu umewazidi, na mimi nimenenepa. Msiulize sababu. Ni mawese.

Kila nikiandika jina la mtaa wetu juu ya barua najicheka. Mtu akiona Mwanga atadhani ni ile Mwanga yenu ya Upare, kumbe tumetenganishwa na nchi nzima. Huku Mwanga ni soko, mafundi cherehani na kelele za wauza nguo tangu asubuhi. Nimeizoea. Siku hizi mtu akinisalimia kwa Kiha namjibu kabla hajamaliza.

Ningepiga simu, lakini simu zetu mimi na wewe tunazijua. Unaniuliza kama nimekula, nakujibu nimekula, unasema, "Haya, ongea na mama yako." Habari niliyo nayo haiwezi kuenea humo.

Kabla sijaianza, kuna jambo. Kaka Athumani ameniambia kwamba uliteleza ukipanda ndivani alfajiri, ukaanguka, goti likavimba, na kesho yake ukapanda tena na goti hilohilo kwenda kuwafungulia watu maji ya bwawa hilo. Nimesikia. Hapa mwanzo sisemi neno. Nitalirudia mwishoni, na ukimwona Mama anasitasita kusoma, mwambie asiruke.

Sasa habari yenyewe. Ni ya baba mkwe wangu, Mzee Kiza, na nyumba yake ya Kasingirima.

Unamkumbuka Mzee Kiza, alikuja na wazee wenzake siku ya posa akavaa koti zito kwa kuambiwa huko kwetu kuna baridi. Ni fundi mitumbwi. Baba yake alivuka kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, akaja na shoka na keekee ya kutobolea mbao, na kazi hiyo akamrithisha mwanawe. Ukisimama mwaloni Kibirizi asubuhi boti zikiondoka kwenda Mwamgongo, kuna ambazo watu bado watakuonyesha kwa kidole: hii ya Kiza, na ile ya Kiza. Siku hizi hachongi tena. Magoti yamekataa. Tangu mama mkwe afariki amekuwa akiishi peke yake katika nyumba ile aliyoijenga mwenyewe kwa tofali mbichi, akaiezeka bati, akaipiga lipu.

Shida ilikuwa ukuta wa nyuma, kwenye jiko. Kila masika unalowa, kila kiangazi unazibwa kiraka. Msimu uliopita kipande kikubwa kama mlango kikaporomoka na kuangukia kigoda ambacho Mzee alikuwa amekikalia muda si mrefu, akimenya mihogo. Alikuwa ametoka kwenda kumwita paka. Haruna alipouona ule udongo juu ya kigoda hakuweza kula siku hiyo. Akamwambia baba yake ahamie kwetu, chumba kipo. Mzee akajibu kwamba nyumba haivuliwi kama kiatu. Angehama akiiuza, na angeiuza kwa mtu wa kuishi ndani yake tu. Kila aliyekuja alitaka kiwanja, abomoe, ajenge fremu za maduka. Mzee aliwapa maji ya kunywa akawasindikiza.

Ndipo akaja Mama Feza. Huyu anauza vitenge hapa sokoni, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu walio mtaa wa pili. Nyumba aliipenda tangu mlangoni. Alipenda baraza, alipenda madirisha yanayotazama ziwa, akasema hatabomoa hata tofali moja. Tukashukuru Mungu. Kisha akafika jikoni, akaona kile kiraka kipya, akakigonga kwa pete.

"Mzee," akasema, "mie siinunui nyumba jua likiwaka. Kiangazi kila nyumba ni nzuri. Mchumba utamjua siku amekasirika. Mvua ya kwanza ikinyesha nitakuja, nitakaa humu jikoni. Ukuta ukiwa mkavu, naichukua. Ukilowa, tusisumbuane."

Umeona ilipofikia, Baba. Mama Feza akikataa, hakuna mwingine. Mzee angebaki na ukuta ule masika nyingine, na safari hii huenda paka asiwe na haja ya kuitwa. Mimi nikasema nyumba ikilowa ukuta tatizo haliko ukutani, liko juu. Tukakague magata ya kukinga maji ya paa na mabomba ya kushushia maji kabla mvua haijaja.

Basi Jumapili moja tukaenda, mimi na Haruna. Nani apande? Haruna ni mtoto wa ziwani. Mtie majini na mawimbi, atakuimbia. Mpandishe ngazi, akifika kipandio cha tatu anaikumbatia. Mimi niliyezaliwa mlimani nikavaa suruali yake ndani ya kitenge, nikapanda. Mzee alipoona naweka mguu kwenye ngazi, alichukua kigoda chake akahamia mbele ya nyumba, akatupa mgongo, akatazama ziwa. Mkwe hamtazami mkwe aliye juu ya ngazi. Tangu hapo tukawa tunazungumza kwa kupaziana sauti juu ya paa.

Gata la mbele ni la bati, la dukani, nalo halikunisumbua. Majani makavu tu, na bomba lake lilikuwa limechomoka likimwaga maji kwenye msingi. Haruna akalifunga kwa waya. La nyuma ndilo la ajabu. Kwanza sikuliona kwa uchafu uliokuwamo. Huku kunguru wanaiba dagaa walioanikwa na kuja kuwala juu ya mapaa ya watu, kwa hiyo nilitoa vichwa vya dagaa kwa makopo. Nikatoa kokwa za chikichi zilizodondoshwa na ndege. Katikati, ndani ya tope, nikakuta mchikichi umeota, mdogo, majani mawili, umetulia kama uko shambani. Haruna akaupanda kwenye kopo, sasa uko barazani kwetu na watoto wanaunywesha maji mpaka wanauonea.

Nilipomaliza kusafisha nikaliona gata lenyewe. Baba, ni la mbao. Mzee Kiza alilichonga kwa mkono wake, kwa mabaki ya mbao za kazi yake, akaunga ubao kwa ubao, akazikalafati zile nyufa kwa pamba iliyolowekwa mawese, vilevile anavyoziba mitumbwi. Nilipitisha kidole kwenye mshono mzima, sikupata hata pa kupenyeza sindano. Sijapata kuona gata zuri namna ile, na nadhani sitaona jingine.

Nikapaza sauti kwa kiburi, "Baba, tumemaliza! Lilikuwa limeziba tu!"

"Nilijua!" akajibu kutoka mbele. "Gata langu miye halina kosa. Ni udongo wa mtaa huu, una chumvi, unakula ukuta!"

Ningeshuka hapohapo ningekuwa nimeharibu kila kitu. Lakini wewe ulinifundisha kwamba mfereji haukaguliwi kwa macho, hukaguliwa kwa maji. Nikamwambia Haruna anipe ndoo. Nikamwaga maji upande wa kushoto, karibu kabisa na mdomo wa bomba. Hayakuingia. Yalilipa bomba kisogo, yakaondoka taratibu kwenda katikati. Nikahamisha ngazi, nikamwaga upande wa kulia. Nayo yakaondoka kwenda katikati, yakakutana na wenzake, yakakaa. Nikaongeza ndoo, nikaongeza nyingine. Yalipanda, yakafika ukingoni, yakafurika upande wa ndani na kuteremka ukutani, palepale kwenye kiraka. Nikachungulia mabomba mawili ya pembeni. Makavu. Moja nyigu wamejenga humo, nyumba juu ya nyumba. Lile bomba halijawahi kuonja maji tangu lifungwe.

Hapo nikarudi nyuma kidogo juu ya ngazi nikalitazama lote kwa pamoja, na nikaelewa. Ncha zote mbili zimeinuka, tumbo limelala chini. Mkono wake haujui kutengeneza kitu cha maji bila kukiinua ncha. Baba mkwe wangu alikuwa ametundika mtumbwi ukutani.

Nilicheka mpaka ngazi ikatikisika. Haruna chini ananong'ona, "Nyamaza! Nyamaza weye, atasikia!"

Unakumbuka ulimwambia Haruna mbele ya wazee kwamba watu wa ziwani hawajui maji, kwa sababu maji yao hayaendi popote? Siku ile alicheka na wengine, lakini lilimchoma, aliniambia baadaye. Kule juu ya ngazi niliyakumbuka maneno yako, na nikaona umekosea kidogo. Maji wanayajua sana. Wanajua kuyazuia yasiingie. Ila hawakuwahi kuwa na haja ya kuyaonyesha njia.

Kucheka kulikwisha nilipofikiria jambo la pili: nani amwambie? Haruna akasema, "Miye siwezi. Kazi ya mikono yake sijawahi kuisema." Na mimi ni mkwe, nitafungua mdomo wapi? Tukajaribu kuwa wajanja. Tukasema tulegeze chuma kinacholishika upande mmoja, gata lishuke kimyakimya, maji yafuate bomba. Haruna akagonga msumari kidogo tu, gata likalia kama linavunjika, maana umbo lile limo ndani ya mbao zenyewe, halinyooki.

"Nani anagusa misumari yangu?" ikaja sauti kutoka mbele ya nyumba.

Tukaondoa ngazi.

Nilikaa na jambo lile siku kadhaa. Dawa nilikuwa ninayo: kutoboa tundu pale tumboni na kuhamishia bomba hapo. Kazi ya muda mfupi. Lakini kumwambia fundi mitumbwi atoboe chombo chake chini, Baba, hata wewe ungesita. Mwishowe nikampelekea mihogo na dagaa, nikamtengea pale nyuma ya nyumba, nikakaa pembeni, nikaanza kumwuliza kama mjinga.

"Baba, mimi ni mtu wa milimani, sijui. Mtumbwi ukivutwa nchi kavu, mvua ikaunyeshea, maji hukaa wapi?"

"Tumboni. Yakae wapi tena?"

"Hayaendi nchani?"

"Ncha zimeinuliwa, mwanangu. Ukizilaza wimbi litaingia. Miye sijawahi kutoa chombo ncha imelala."

"Kwa hiyo mtu akitaka kuyatoa, atayatolea wapi?"

"Si palepale tumb..."

Mkono wenye muhogo ukasimama. Akainua kichwa akalitazama gata lake kutoka chini. Nikavuta kanga mbele, nikatazama ardhi.

"Huyo baba yako," akasema mwishowe, "ndiye mgawa maji?"

"Ndiye, Baba."

"Naona."

Chakula hakukimaliza. Nilirudi nyumbani nimeshika tama. Niliogopa kweli. Nilijiona nimemvua mzee wa watu nguo, tena kwa maneno ya kuzunguka, kama mwizi.

Siku chache baadaye akatuita. Alikuwa ameshaweka alama ya mkaa chini ya gata, katikati kabisa, mbali na mshono. Keekee ya baba yake ilikuwa mezani, imepakwa mafuta. Akasema atatoboa mwenyewe. Haruna akamshika kiuno, Mzee akapanda vipandio viwili vya uchungu, akaiweka keekee kwenye alama. Akakaa hivyo. Keekee haikuzunguka. Kisha akashuka.

"Maisha yangu yote naziba matundu," akatuambia. "Watu wamevuka ziwa hili wakalala usingizi humo ndani kwa sababu niliziba. Mkono haukubali. Tutafanya kesho."

Kesho ikazaa kesho. Haruna akitaka kumkumbusha, namkanyaga mguu. Alama ilikuwa yake, na mimi niliona mtu aliyeweza kuweka alama ile ameshafika mbali kuliko tulivyomdhania. Lakini mawingu nayo yalikuwa yakijipanga juu ya milima ya ng'ambo, kila jioni meusi zaidi, na hayo hayakanyagwi mguu.

Mvua ilikuja mchana. Nilikuwa nimempelekea chakula, Haruna yuko kazini bandarini. Huku mvua unaiona inakuja. Ziwa linakuwa jeupe upande wa pili, halafu ule weupe unakusogelea. Matone ya kwanza hayajalowesha hata vumbi, bajaji ikasimama mlangoni, akashuka Mama Feza na mwavuli, amejifunga mfuko wa nailoni kichwani, anafurahi kama anakwenda harusini.

"Hodi! Nimekuja kumwona mchumba kakasirika!"

Akapita moja kwa moja jikoni, akavuta kigoda, akakaa na ukuta ana kwa ana, akauwekea kiganja. Mimi na Mzee tukatoka nyuma, tukasimama chini ya mchirizi, karibu na pipa alilolitega chini ya alama yake. Mvua ikaanza kushuka kweli. Kwanza gata lilikuwa likipiga kama ngoma kavu. Kisha sauti ikawa nzito. Nilimtazama Mzee, nikajua naye anasikiliza.

"Limefika nusu," akasema.

Ngoma ikazidi kuwa nzito.

"Likizidi hapo litazama." Akafuta uso. "Mwanangu, lete keekee."

Nikakimbia nikaileta. Akaipokea, akayatazama magoti yake, akayatazama kama mtu anavyomtazama rafiki aliyemwangusha. Kisha akanirudishia.

"Panda weye."

"Mimi, Baba?"

"Weye ni mtoto wa watu wa mifereji. Miye nitashika ngazi."

Siku ile sikuwa na suruali ya Haruna. Nikakaza kitenge, nikapanda hivyohivyo. Yeye akaishika ngazi kwa mikono miwili, akageuza uso kutazama ziwa, na ziwa lenyewe halikuonekana, mvua ilikuwa imelifunika lote. Nikaiweka keekee kwenye mkaa wake kutoka chini, nikaanza kuzungusha.

"Mshono usiuguse!"

"Siugusi, Baba."

"Unausikia ubao?"

"Nausikia."

"Bado unalia nene. Endelea. Utakapolia nyembamba, punguza mkono, usije ukaupasua."

Hakuwa anaona kitu. Alikuwa anasikiliza tu, na kila alichosema kilikuwa hivyo hivyo. Ubao ukalia nyembamba. Nikapunguza mkono. Likaja tone, likaja la pili, kisha maji yote ya tumbo yakapata njia, yakaniingia mkononi, yakapita kwapani mpaka kiunoni, baridi kama ya ndiva. Nikapiga kelele kama mtoto.

"Yamepita!"

Hakugeuka. "Yanaenda wapi?"

"Chini, Baba. Kwenye pipa. Ukuta hayaugusi."

"Haya," akasema. "Haya, haya." Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Sote wawili nyuso zilikuwa zimelowa, na mimi sikuwa na haki ya kuchagua tone lipi ni la mvua na lipi si la mvua.

Kwa zile kelele Mama Feza akatoka. Akaniona juu nimelowa chapachapa, nimeshika keekee, na Mzee ameshika ngazi anatazama mahali pasipo na kitu. Akasimama mikono kiunoni. "Kigoma nimeona mengi," akasema, akarudi kwenye ukuta wake.

Alikaa mpaka mvua ikachoka yenyewe. Nilimpikia chai, akanywa, kiganja hakukibandua isipokuwa kushika kikombe. Kisha akasimama, akakunguta kitenge. Ukuta ulikuwa mkavu, lile doa la zamani tu.

"Naichukua," akasema. "Lakini Mzee, nakuomba, hilo gata lako usije ukaling'oa ukahama nalo. Nimelipenda."

"Nihame nalo niende wapi?" Mzee akajibu. "Lina tundu."

Tulicheka, Baba, tukacheka mpaka Mama Feza akakaa chini tena. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Mzee akilicheka gata lake.

Bomba la nyigu alilihamisha mwenyewe na Haruna siku iliyofuata, akalifunga pale katikati, akazibua kila kitu. Sasa amehamia kwetu. Alikuja na mkeka wake, keekee, na paka. Na kitu kimoja zaidi: alichonga kizibo cha lile tundu, kimekaa sawasawa, ukikishika unatamani kukitumia. Nilidhani amekiacha kule kwa Mama Feza. Kumbe anatembea nacho mfukoni mwa koti. Nikamwuliza cha nini. "Tundu nimewaachia," akasema, "kizibo nimeondoka nacho. Mtu hawezi kuacha vyote kwa siku moja." Jioni hukaa barazani karibu na ule mchikichi wa kwenye kopo, ananiuliza habari za ndiva yetu. Haamini kwamba maji yanaweza kutembezwa ubavuni mwa mlima mpaka shamba la mtu. Anasema nikuombe ruhusa aje ayaone kwa macho, na koti analo.

Sasa Baba, lile la mwanzo. Mama, usiruke.

Mkwe nilimzunguka kwa maswali ya mitumbwi kwa sababu sikuwa na ruhusa ya kumwambia. Wewe si mkwe wangu, wewe ni baba yangu, umenibeba mgongoni kwenda kule juu kabla sijajua kutembea, kwa hiyo nasema wazi: usipande tena ndivani. Goti hilo likikuangusha kwenye mawe, hakuna wa kupita saa hiyo ya alfajiri. Mwachie Kaka Athumani afungue maji. Najua utakachosema. Atachelewa kuwafungulia watu wa chini, au atawapendelea wa juu kwa sababu ameoa kwao. Na achelewe. Utamgombeza. Wewe kaa kwenye lile jiwe chini njiani, usikilize mfereji ukipita. Utajua kwa sauti tu kama amefungua vizuri au vibaya, na ukimwita atakusikia. Hujawahi kunikatalia jambo nililoliomba mara moja, na hili naliomba mara moja.

Mama, nakubusu mikono, na kitenge kinakuja, ni cha kwa Mama Feza mwenyewe. Nisalimie Kaka Athumani, mwambie asijivune. Nisalimie wifi yangu na kile kichanga chake. Shangazi Mwanahamisi mwuza ndizi mwambieni sijasahau ahadi ya mawese, yapo kwenye dumu yananisubiri nipate msafiri. Na Babu Mdogo, jirani wa mfereji wa chini, mwambieni asifurahi sana kusikia Baba amepumzika. Zamu yake haijaongezeka.

Mungu awalinde huko juu kama anavyotulinda huku chini.

Ni mimi, binti yenu aliyeolewa mbali,
Mwajabu.

Nilikuwa nafunga bahasha, Mzee Kiza akaniuliza namwandikia nani kurasa zote hizi. Nikamwambia ni wewe, na nikamwambia habari ya goti. Akatia mkono mfukoni, akakigeuzageuza kile kizibo chake, kisha akasema niongeze maneno yake haya, nisiyabadilishe: "Mwambie mgawa maji, miye nilishika ngazi tu, na maji yakapita."